Igeuze Nguo Kabla ya Kusoma Lebo

Katika vitu vyote vinavyolifanya shati liwe shati, lebo ndiyo yenye gharama ndogo kuliko vyote. Kitambaa kina bei yake, uzi una bei yake, vifungo vina bei yake, na mkono wa fundi nao una bei yake. Lebo ni kipande cha utepe chenye maandishi, kimeshikwa na mishono miwili tu. Mimi ni fundi cherehani, nina fremu Magomeni, Dar es Salaam, na utepe huo wa majina makubwa ya Ulaya na Marekani nimeuona ukiuzwa kwa rola, unakatiwa urefu unaoutaka. Ndiyo maana inaniuma kuona watu wenye kipato cha kawaida wakikilipia kipande hicho zaidi kuliko wanavyoilipia nguo yenyewe.

Mwaka jana nilimshonea kijana mmoja, mfanyakazi mpya katika ofisi fulani mjini, shati jeupe la pamba. Kola ilikaa vizuri, mshono wa ubavuni niliulaza na kuupitisha mara mbili. Alilijaribu, akalisifu, kisha akatoa mfukoni lebo aliyoifumua kwenye shati lake kuukuu. Aliniomba niishone kwenye shingo ya hili jipya.

“Mama, kwetu ofisini mtu akivua koti wanamwangalia shingoni,” alisema.

Nikamwambia, “Mwanangu, shati hili nimelishona mimi. Nikiweka jina la mwingine nitamdanganya atakayelisoma, na wewe nitakuwa nimekufundisha kuionea haya kazi nzuri.”

Alinyamaza kidogo, akalikunja, akalichukua hivyo hivyo. Sikumkasirikia yeye. Niliwakasirikia wale wanaomwangalia shingoni.

Mtu anayejua kuisoma nguo hahitaji kuambiwa na lebo kwamba ni nzuri. Igeuze nje ndani. Angalia mishono: kama ni midogo, imesongamana na imenyooka, aliyeishona hakuwa na haraka. Ushike mshono wa ubavu kwa mikono miwili, uuvute taratibu. Ukiona mwanga unapita katikati ya uzi, nguo hiyo haitafika mbali. Tazama pindo la chini na nafasi iliyoachwa ndani ya mshono. Nafasi hiyo ndiyo akiba yako siku utakaponenepa, kwa kuwa fundi ataongeza bila kununua kitambaa. Kwenye shati la mistari, angalia kama mistari ya mfuko imekutana na mistari ya kifua. Kisha tikisa vifungo. Ukimaliza hayo yote, lebo itakuwa imebaki na habari moja ya maana, nayo ni kama hicho ni kitambaa cha pamba au cha nailoni, na kifuliwe namna gani.

Suruali ya jinzi inafundisha mengi katika hili. Aliyetoa wazo la kuikaza kwa vibano vya shaba alikuwa fundi mwenzangu, Jacob Davis, aliyekuwa akishona katika mji wa Reno, Nevada. Suruali za vibarua zilikuwa zikichanika mifukoni, naye akapigilia shaba kwenye pembe za mifuko. Hakuwa na fedha za kulipia hataza, akamwandikia mfanyabiashara aliyekuwa akimuuzia kitambaa, Levi Strauss, na mwaka 1873 wakapewa hataza hiyo pamoja. Yaani jina ambalo leo watu wanalibeba nyuma ya kiuno kama cheo lilianzia kwenye nguo ya mchimbaji na mkata kuni, na sifa yake yote ilikuwa kutochanika. Leo jinzi inauzwa ikiwa imeshachanwa magoti kiwandani, na iliyochanwa zaidi inaweza kuwa na bei kubwa kuliko nzima. Mimi binafsi siwezi kulizoea jambo hili. Mama yangu alitia viraka kwenye magoti ya kaptura za kaka zangu kwa ustadi mpaka usingejua kiraka kinaanzia wapi.

Na wanaodhani jina kubwa lina maana ya kiwanda bora wakumbuke jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh. Liliporomoka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao mafundi wa kike. Viwanda vilivyokuwa ndani yake vilishonea kampuni nyingi, zikiwemo Primark, inayojulikana kwa bei nafuu, na Benetton, ambayo bei zake ziko juu zaidi. Jengo moja, nyufa zilezile ukutani. Mteja aliyelipa zaidi hakuwa amemnunulia fundi usalama wowote wa ziada. Miaka mitano baadaye kampuni ya Burberry ya Uingereza ilionesha katika hesabu zake kwamba iliharibu bidhaa zake mpya zenye thamani ya paundi milioni 28.6 kwa mwaka mmoja, ili zisije zikauzwa kwa bei ya chini na kulishusha jina. Kelele zilipozidi, mwaka huohuo wa 2018 ilitangaza kuacha. Nilipoisoma habari ile nilifikiria vifungo. Kila kifungo kiliwekwa na mtu aliyeinamisha shingo.

Hata kwenye mitumba, mahali ambapo ningetegemea watu wawe huru, ugonjwa huu umetufuata. Ukienda soko la Karume asubuhi robota linapofunguliwa, utaona mikono ikikimbilia shingoni mwa nguo kabla ya kugusa kitambaa. Shati lenye jina linatundikwa kwenye henga na kuitiwa bei mara nne ya lililobaki chini kwenye turubai, hata kama kola yake imeshaota manyoya. Mimi hununua yale ya chini. Kola iliyochakaa si mwisho wa shati. Inafumuliwa, inageuzwa, upande uliokuwa ndani unakuja juu, inashonwa tena, na shati linavaliwa miaka mingine. Kazi hiyo haizidi nusu saa. Zamani wateja waliniletea mashati ya kugeuza kola kila wiki. Siku hizi vijana wengi hawajui kama inawezekana, na shati linaishia kuwa tambara la kufutia pikipiki.

Wapo watakaoniambia kwamba rahisi ni ghali. Ni kweli, nami nakubaliana nao kabisa. Mkasi wangu niliununua kwa bei iliyomshangaza mume wangu, kwa sababu ni wa chuma kizuri na unanolewa. Cherehani yangu ya kukanyaga ni ya siku nyingi, nimebadilisha mkanda, nimebadilisha boksi la sindano, na bado inashona. Kubana matumizi si kununua ovyo ovyo kinachokatika kesho. Ni kulipia kile kitakachofanya kazi na kukataa kulipia kile kitakachotazamwa tu. Kwenye duka la dawa nako ni hivyohivyo: Panadol ni jina la biashara, dawa iliyomo inaitwa paracetamol, na vidonge vya paracetamol vya miligramu 500 vya kiwanda kingine kilichosajiliwa vina dawa ileile kwa bei ndogo. Simu sitaizungumzia sana. Nawaona tu wanaokopa ili wapate “macho matatu”, simu yenye kamera tatu mgongoni, huku kodi ya chumba haijalipwa, na moyo wangu unasononeka.

Lakini jambo ninalotaka kulisema zaidi linagusa riziki yangu mwenyewe. Sare za harusi, kicheni pati na sendofu ndizo zinazolipa kodi ya fremu yangu, na bado nasema zimevuka mpaka. Kamati inakaa, inachagua rangi, na hilo halina ubaya. Kisha inachagua kitambaa, na hapo ndipo jina linapoingia: lazima iwe lesi fulani, ya nchi fulani, kutoka duka fulani, kwa sababu kamati ya harusi iliyopita ilivaa hiyo. Mwalimu wa shule ya msingi, muuza maandazi na dada wa saluni wanatajiwa bei moja. Mchango wameshatoa. Sasa watafute hela ya kitambaa, hela ya fundi, viatu na mkoba wa kuendana. Nimewapima wanawake waliochukua mkopo wa kikundi kwa ajili ya gauni la usiku mmoja, nao waliniambia wenyewe, kwa sauti ya chini, wakiomba nisiharakishe ili wapate muda wa kumalizia malipo.

Nikikutana nao baadaye huwauliza gauni liko wapi. Liko kwenye begi, juu ya kabati. Halivaliki tena, kwa kuwa mtaa mzima unajua ile ilikuwa sare ya harusi ya nani. Mita nne za kitambaa cha gharama, siku mbili za kazi yangu, na deni la miezi.

Wanaokubali ushauri wangu nawashonea sare ya vipande viwili, blauzi na sketi, na kila ubavu naacha nafasi ya inchi nzima. Sketi inaendelea kwenda kazini, blauzi inakwenda kanisani au msibani. Wengine nawashawishi wachague khanga. Doti moja ikitoka harusini inavaliwa nyumbani, inabeba mtoto, inatandikwa, na hakuna anayeuliza imetoka duka gani.

Kamati za harusi za Desemba zinaanza kukutana sasa. Nawaomba wenyeviti, na zaidi wale kina mama wanaoshika daftari la michango, waweke ajenda hii mapema kabla rangi haijatajwa: mgeni avae nguo nzuri aliyonayo, na anayetaka kufanana na wenzake apewe utepe au ua la rangi iliyochaguliwa. Na katika kila kikao awepo mtu mmoja wa kuuliza bei ya kitambaa kwa sauti, mbele ya wote, na kusubiri jibu. Mimi nitashona sare chache zaidi mwaka huu. Nitageuza kola nyingi.