Vitamini Yataka Mchukuzi



Wenzetu wa Bukoba na Muleba shibe yao ni ndizi, lakini ndizi zao za kupika zina vitamini A kidogo, na mtoto akiikosa sana huanza kutoona usiku. Mradi wa Marando Bora, ulioanza 2009, uligawa marando Kanda ya Ziwa, yakiwamo ya viazi lishe vya rangi ya chungwa.

Hata hivyo, vitamini hii yataka mchukuzi mwilini, nayo ni mafuta. Wataalamu sasa watengeneza vichukuzi vidogo visivyoonekana kwa macho. Sisi tunalo tui la nazi.

Twaona haifai kujaza mikarafuu shamba lote. Tuache kipande cha viazi lishe, tuvipike kwa nazi. Karafuu zatupa fedha. Macho hayauzwi dukani.

Katibu