WATAALAM WAJE KILABUNI

Ndugu wanaushirika,

Katika mkutano uliopita mjumbe mmoja alisema, kama wataalam wa kilimo hawapati watu wa kuwasikiliza, basi waje kilabuni. Watu wakacheka sana. Mimi sikucheka, na leo naeleza kwa nini.

Jambo hili si la mzaha, kuna wenzetu wanalifanya. Uingereza, mwaka 1998, mtu wa televisheni aitwaye Duncan Dallas alianzisha mjini Leeds mikutano ya sayansi ndani ya mkahawa. Mtaalam anasema dakika 20 hivi, watu wanaagiza vinywaji, halafu wanamuuliza maswali mpaka wachoke. Mwaka 2012 watafiti wawili wa chuo cha Imperial kule London, Michael Motskin na Praveen Paul, waliwaita wagonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu waje maabara kuona maradhi yao yanavyochunguzwa. Wakaona kumbe watu wana hamu ya kujua! Basi mwaka 2013 wakaigeuza safari, mtaalam ndiye amfuate mwananchi baa. Mpango huo huitwa Pint of Science, na siku hizi hufanyika kila mwezi wa Mei katika nchi nyingi.

Angalieni hapo: maswali yanachukua muda kuliko hotuba. Kwetu ni kinyume. Mtaalam anakaa meza kuu, anasoma karatasi yake, anauliza "kuna swali?" huku dereva ameshawasha gari.

Sasa nije kwenye sumukuvu, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Mwaka 2016 wenzetu walikufa kwa sumu hii huku Dodoma na Manyara, na watoto walikuwemo. Ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Inaharibu ini. Huioni kwa macho, haina harufu, na kupika hakuiondoi.

Je, mahindi yenye ukungu tunayoyachambua huwa yanakwenda wapi? Jamani, sote tunajua. Yanakwenda kwenye komoni. Tunajidanganya kwamba pombe imechemka, basi imekuwa safi. Sivyo, sumu hii inastahimili moto wa jikoni. Kwa hiyo mtaalam akihutubia shuleni, wapikaji na wanywaji hawapo, wako kilabuni. Akija pale atakuta pipa lenyewe. Atamkuta na mama anayepika, naye atamuuliza: "Nikitupa debe zima la mahindi, hela ya daftari za mtoto nitaipata wapi?" Swali hilo haliko kwenye karatasi yake. Nataka lijibiwe mbele ya watu, au aseme wazi kwamba hana jibu, tulitafute pamoja.

Wengine wanasema mlevi hasikii. Kweli, lakini saa tisa mchana nani kalewa? Aje mapema, aseme maneno machache, atuonyeshe namna ya kupima ukavu kwa chumvi: unatia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, unatikisa, chumvi ikiganda kwenye chupa ujue mahindi bado mabichi. Hilo hata mwenye kikombe mkononi ataliona.

Neno la akina mama na ndugu zetu ambao dini haiwaruhusu kukanyaga kilabuni ndilo zito zaidi, nalikubali. Siku hiyohiyo mtaalam aanzie mashine ya kusaga, ambako foleni ni ndefu na watu wana muda. Ila wanaosema kilabu kinashusha heshima ya mtaalam, siwaelewi. Wanaokunywa pale ndio wanaolima.

Na pombe ushirika haununui! Kila mtu na senti zake.

Naomba bodi imwandikie afisa kilimo kabla hatujaanza kuvuna. Nimeacha nafasi chini ya karatasi hii, kila mwenye swali la kumwuliza mtaalam aliandike. Asiyejua kuandika anione ofisini jioni, nitamwandikia.

Katibu