Mwalimu asiachiwe mzigo wa masomo ya mtandaoni

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa elimu yetu ulionekana wazi Machi 2020, shule zilipofungwa kote nchini kwa sababu ya Covid-19, na walimu wakatarajiwa kufundisha kupitia mtandao ambao wengi wao hawakuwa wamefunzwa kuutumia darasani.

Ni jambo lisilofichika kwamba gharama ya masomo hayo ilibebwa na mwalimu mwenyewe. Simu ilikuwa yake na bando alinunua kwa pesa zake. Alipiga picha maswali, akayatuma katika simu ya mzazi, kisha akangoja mzazi arejee jioni kutoka kazini ndipo mtoto ayaone. Majibu yalipokuja, yalikuwa ya watoto wachache tu. Inasikitisha zaidi kwamba wengi wa walimu wa shule za kibinafsi, pamoja na walioajiriwa na bodi za shule, walikaa miezi bila mshahara.

Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) ilipeperusha vipindi kwa redio na televisheni. Hiyo ilikuwa hatua njema. Hata hivyo, redio haiulizwi swali, wala haimwoni mtoto aliyeachwa nyuma.

Julai 2020, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa George Magoha, alitangaza kuwa mwaka huo wa masomo ungerudiwa. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwani kuyahesabu masomo ya mtandaoni kungewadhulumu watoto wasio na umeme wala simu.

Wapo watakaosema kwamba hayo yamepita. La hasha! Mwaka wa 2024, mafuriko yaliahirisha ufunguzi wa muhula wa pili kutoka Aprili 29 hadi Mei 13. Dharura haipigi hodi.

Kwa hivyo, yafaa kila chuo cha ualimu kifunze ufundishaji wa mtandaoni kwa vitendo. Serikali nayo itenge fedha za bando na vifaa vya walimu kabla ya dharura nyingine, na kila shule iwe na mazoezi yaliyochapishwa tayari kwa watoto wasiofikiwa na mtandao. Kumtaka mwalimu agharamie kwa mfuko wake kazi aliyoajiriwa kuifanya ni kumwonea, na anayeumia mwisho ni mtoto wa maskini.