Wakili Ndani ya Kombati

Munyaka ni neno la Kikuyu, maana yake bahati. Labda ndiyo sababu mtaa wetu huu wa Eldoret hauamini kuwa mtu anaweza kuingia jeshini bila bahati, au bila kitu kidogo. Juzi kwa kinyozi, kijana anayesomea sheria kwenye kampasi ya Annex alisema anataka kuwa wakili wa jeshi. Kinyozi akazima mashine ili acheke vizuri.

Eti huyo si wakili, ni askari aliyesoma. Hapana. Jeshi humtaka mwanasheria awe na shahada, awe amepita Kenya School of Law na kuapishwa kuwa wakili wa Mahakama Kuu, kabla ya kwenda chuo cha jeshi cha Lanet kupigishwa kwata kama kadeti wengine. Amekula viapo viwili, na hakuna kinachofuta kingine.

Eti mahakama ya kijeshi ni ya mkubwa, akikuchukia umekwisha. Hapa mzee mmoja alitaja 1982, na simlaumu. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, Meja Jenerali Peter Kariuki, kamanda wa jeshi la angani, alihukumiwa na wanajeshi wenzake kifungo cha miaka 4. Ilibidi ipite miongo mitatu mahakama za kiraia ziamuru alipwe fidia. Lakini sheria ya wakati huo haipo tena. Kwa Sheria ya Jeshi ya 2012, anayeongoza kikao huteuliwa na Jaji Mkuu, naye ni hakimu au wakili wa miaka isiyopungua 10. Si jenerali. Nakubali kwamba maafisa wanaoketi naye, wasiopungua watano mshtakiwa akiwa afisa, bado ni watu wanaongoja kupandishwa vyeo na wakubwa haohao. Hilo halijanitoka rohoni.

Rufaa je? Ipo. Zamani Mahakama Kuu ndiyo ilikuwa mwisho wa safari. Leo hoja ya kisheria hufika Mahakama ya Rufaa.

"Mwanajeshi hana haki, alizisaini zote." Kifungu cha 24 cha Katiba kinaruhusu kweli apunguziwe baadhi: faragha, kuandamana, kujiunga na chama cha wafanyakazi. Ila soma ukurasa unaofuata. Kifungu cha 25 kinasema haki ya kusikizwa kesi kwa haki haipunguzwi kwa yeyote. Wakili asiyejua vifungu hivyo viwili vimepakana hafai kuvaa kombati.

Na eti ni kazi ya kukaa ofisini. Itifaki ya Kwanza ya Geneva, ambayo Kenya ilijiunga nayo 1999, inataka makamanda wawe na washauri wa sheria. Mshauri huyo huulizwa kabla ya mzinga kulia: pale pana raia? Mateka atalala wapi? Jeshi letu lilipovuka kuingia Somalia Oktoba 2011, maswali hayo hayakuwa ya darasani tena.

Limebaki la kitu kidogo. Wanaolipia barua za kuitwa ndio hukamatwa langoni Moi Barracks, barua ghushi mkononi, shamba la mzazi limeshauzwa.

Kinyozi hakujibu. Alimsimamisha kijana kwenye mwimo wa mlango, akachora alama ya kalamu juu ya kichwa chake, akaleta futi ya fundi jirani. Jeshini zinatakiwa futi 5 na inchi 3. Alizidi kwa inchi moja, na nusu ya kichwa ilikuwa bado haijanyolewa.