Kilio cha Mtoto Siku ya Sindano

Mtaa wa Kapsoya uko upande wa mashariki wa Eldoret, mji uliopewa hati ya kuwa jiji mwaka 2024. Mama wa huko, kama mama yeyote wa Kenya, hupewa kitabu cha mama na mtoto, na ndani yake zimeandikwa siku za chanjo: mtoto anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu mwezi wa 9 na wa 18. Katika wiki ya 14 peke yake mtoto huchomwa sindano 3 mapajani. Faida yake ni kubwa, kwani dondakoo, kifaduro na pepopunda havina huruma. Lakini maumivu nayo ni ya kweli.

Wako wasemao, "Mtoto mchanga hajui kitu; atalia na kusahau." Hata madaktari wa Ulaya na Marekani walidhani hivyo zamani. Mwaka 1987 Daktari K. J. S. Anand na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba watoto wachanga waliopewa dawa ya kutosha ya kutuliza maumivu walipopasuliwa walipata shida chache kuliko wale wasiopewa. Na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri juu ya kupunguza maumivu ya chanjo. Mengi ya mashauri hayo hayagharimu hata senti moja.

La kwanza, mtoto asilazwe peke yake juu ya meza, bali apakatwe na mama au baba yake. La pili, kama ananyonya, apewe titi kabla ya sindano, aendelee kunyonya inapoingia, na dakika chache baadaye. La tatu, zikiwa sindano kadhaa, ile iumayo zaidi iwe ya mwisho. La nne, mchanjaji hana haja ya kuvuta bomba nyuma kutafuta damu. Kufanya hivyo huongeza maumivu tu. Tena aseme kwa upole na kweli. Kumwambia mama "Haitauma hata kidogo" ni kumpotezea imani.

Yako pia ya kuepukwa. Haifai kusugua mahali palipochomwa, wala kumpa mtoto dawa ya maumivu nyumbani kabla ya kwenda kliniki. Asali isitumiwe kumtuliza, kwa maana ni hatari kwa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja.

Pengine mtu atauliza: kwa nini kujisumbua kwa kilio cha dakika mbili? Wafugaji wa Uasin Gishu wanalo jibu. Ndama aliyepigwa na kusukumwa joshoni siku ya kwanza, siku ya pili huikataa njia ile. Mtoto wa wiki 6 hawezi kuikataa njia ya kliniki. Mwenye kuikumbuka ni mama yake. Akikaripiwa mbele ya watu, asielezwe chanjo ni ya nini, kisha akalala macho usiku kucha na mtoto mwenye homa asiyoonywa habari zake, wiki ya 10 itamkuta na visingizio. Na mtoto aliyekosa chanjo zilizobaki hana kinga kamili, hata kama kitabu chake kina mihuri miwili mitatu.

Basi mzazi aulize bila woga: chanjo hii ni ya nini, homa ikija nifanye nini, nirudi lini? Mchanjaji naye ajibu, hata kama foleni ni ndefu. Baba asiseme kwamba kliniki ni kazi ya wanawake. Mikono yake yaweza kumpakata mtoto vilevile. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu huzibwa kwa titi la mama, mikono ya upole na neno la kweli.