Saa za mpaka zitangazwe mapema

Kutoka sokoni Gisenyi hadi Petite Barrière ni mwendo mfupi wa miguu. Lakini safari ya mchuuzi haipimwi kwa kilomita; hupimwa kwa saa ya kufungwa mpaka. Machi 2020 korona ilimfungia njia. Juni 2022, baada ya askari wa Kongo kuuawa mpakani, upande wa Goma ukaanza kufunga saa tisa alasiri. Niliwaona akina mama wakirudi mbio, beseni za nyanya kichwani hazijauzwa. Nyanya haingoji kesho. Naziomba mamlaka za pande zote mbili: mkibadili saa, tuambieni mapema. Anayelala Gisenyi na kutafuta riziki Goma hawezi kuishi kwa kubahatisha.