Crown ya Zamani au CX-5 Mpya?
Mwenye akiba ya gari moja jijini Dar es Salaam huvutwa pande mbili: Toyota Crown Athlete ya 2008, saluni ya kibosi yenye injini ya V6 ya lita 2.5, au Mazda CX-5, gari la juu lililoingia sokoni 2012. Kwenye lami, Crown haina mpinzani hapa: inasukumwa na magurudumu ya nyuma, imetulia, na abiria wa nyuma hukaa kama waziri. Tatizo ni kwamba wengi wetu lami hutuaga kabla ya kufika nyumbani. Kipande cha mwisho ni makorongo na madimbwi, na tumbo la Crown ndilo linalolipa. CX-5, iliyoinuka takriban sentimita 21 kutoka ardhini, hupita bila kukwaruza. Hata hivyo, upya si kinga. CX-5 ya dizeli ina chujio la masizi kwenye ekzosi, linalojisafisha kwa joto la safari ndefu. Ukiishia kwenye foleni za Ubungo kila siku linaziba, na bei ya kulibadilisha haina utani. Crown nayo hunywa petroli kwenye foleni hizohizo, na umri wake humwongezea mwagizaji ushuru wa uchakavu. Basi kagua barabara ya kwako kabla ya kukagua gari. Kama lami inafika mlangoni, nunua Crown na utenge fedha za shokapu na bushi. Kama ni tope, chukua CX-5 ya petroli, ubosi uwaachie wenye lami.